Muuguzi anayetaka shahada ya tiba shufaa

Dada yangu, umeuliza kama uache shahada ya kawaida ya uuguzi, ukiwa na stashahada yako hapo Bukoba, ukasome Kampala shahada ya tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu na mateso wagonjwa wenye maradhi mazito. Nenda, ila anza na barua mbili. Ya kwanza kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga: shahada hiyo wataitambua vipi? Ya pili kwa mwajiri: ukirudi utapandishwa cheo kwa muundo upi wa utumishi? Upate majibu ya maandishi kabla hujalipa ada.

Chuo cha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, kiko Makindye, Kampala, na kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere. Hospice yenyewe ilianzishwa 1993 na Dkt. Anne Merriman, na mofini ya majimaji, dawa kali ya maumivu ambayo mgonjwa huinywa, ndiyo imekuwa uti wa mgongo wa kazi yao. Tangu 2004 Uganda inawaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kumwandikia mgonjwa dawa hiyo. Ruhusa hiyo ni ya huko. Ukivuka mpaka wa Mutukula kurudi nyumbani, unafuata sheria za hapa Tanzania.

Masomo hayaishii kwenye dozi ya mofini kila baada ya saa nne na dawa ya kulainisha choo inayoandamana nayo. Utajifunza kukaa na mgonjwa anayekuuliza kama anakufa, huku ndugu zake wamekuvuta pembeni wakikusihi usimwambie. Hilo ni zito kuliko mtihani wowote, na linakufuata hadi nyumbani. Kwa hiyo omba kwanza kujitolea wiki chache Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, au ufuatane na timu inayotembelea wagonjwa majumbani, ndipo ujaze fomu.