Re: Nina usonji, nimeondoa TV, sasa jioni situlii
Salama ndugu. Umesema TV umeitoa sebuleni kwa sababu ya kelele, ila ikifika saa mbili usiku unazunguka tu ndani. Nami nina usonji (autism), mwaka wa 4 huu sina TV. Kwanza angalia: unachokikosa ni TV yenyewe au ratiba yake? Kwangu ilikuwa ule mlio wa taarifa ya habari. Ukilia, najua siku imekwisha. Nikaweka redio ndogo, sauti chini, habari zikianza nachambua mchele wa kesho, punje kwa punje. Mpira? Kibanda umiza, pale watu wanapolipia kutazama mechi, sikiwezi, matokeo nasoma kwenye simu. Wageni wakiuliza, nawaambia TV imeharibika. Uongo, najua, ila unanipunguzia maelezo.