Mtoto Akikoroma Kila Usiku, Mrekodi

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mwanangu analala usingizi wa pono. Alikuwa na miaka 5, na akikoroma tulimsikia mpaka sebuleni. Tulicheka, tukasema amerithi kwa babu yake. Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi bado zinacheka.

Usiku mmoja umeme ulikatika, feni likazima. Nikamsikia anakoroma, kisha kimya. Nikawasha tochi ya simu. Kifua kinahangaika, ngozi ya chini ya mbavu na ya shingoni inabonyea ndani, lakini puani hewa haipiti. Kichwa amekirudisha nyuma, mdomo wazi, shuka limelowa jasho. Nilihesabu mpaka 12 ndipo akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akageuka upande, akaanza upya. Ikatokea tena, na tena. Sikuondoka pale mpaka adhana ya alfajiri.

Siku zilezile mwalimu alikuwa akilalamika kwamba hatulii darasani na anasahau upesi. Kukojoa kitandani, alikokwisha kuacha, kulikuwa kumerudi. Hatukuwahi kuyaunganisha mambo haya. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia mchana. Mtoto mara nyingi huzidisha utundu, halafu anachapwa kwa kosa lisilo lake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwenye zahanati tulipewa antibayotiki za mafua, mara mbili. Mama mkwe wangu, kwa mapenzi tu, akasema ni kimeo, na anamjua mtu wa kukikata. Nilikataa, na nakuomba nawe ukatae, hata kama anayekushauri ni mkubwa wako. Kukata kimeo hakutibu pumzi inayokatika usingizini, na wapo watoto waliofikishwa hospitali wakivuja damu, wengine wakafa. Kinachoziba njia ya hewa kwa watoto wengi wadogo ni nyama za nyuma ya pua pamoja na tonsili, zile tezi mbili za kooni, zilizokua kupita kiasi.

Kilichotusaidia ni video. Mchana mtoto anapumua vizuri, anacheza, kwa hiyo daktari haoni kitu. Mrekodi usiku wa manane kuelekea alfajiri, maana hapo ndipo hali huwa mbaya zaidi. Mfunue kifua kionekane, zima feni, acha simu ichukue dakika chache bila kuongea. Daktari wa pua, koo na masikio hakuhitaji kuimaliza video yangu. Akaagiza eksirei ya shingo kwa ubavu, na nyama zilionekana wazi.

Tulianza na dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa. Wapo inaowatosha, kwetu haikutosha, akafanyiwa upasuaji wa nyama na tonsili. Jiandae: pumzi itanuka na koo litakuwa na utando mweupe, ndivyo linavyopona. Mpe vinywaji mara kwa mara hata akilia. Cha kuogopa ni damu, hasa saa 24 za kwanza, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10 utando unapobanduka. Akitema damu mbichi usingoje kukuche, mrudishe hospitali. Siku hizo zote msisafiri kwenda mbali. Dawa ya maumivu iwe aliyoandika daktari. Yenye kodeini haifai baada ya upasuaji huu kwa yeyote wa chini ya miaka 18.

Si kila anayekoroma anaumwa. Mafua ya wiki moja yatapita. Lakini akikoroma usiku 3 au zaidi kwa wiki bila mafua, au pumzi ikikatika hata mara moja mbele yako, nenda. Mwenye selimundu (sikoseli) asicheleweshwe kabisa, kwa sababu oksijeni ikishuka usiku inaweza kumzidishia ugonjwa wake. Mwenye Down syndrome, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, naye achunguzwe hata kama hakoromi.

Na vijana msiwasahau. Kwao mara nyingi uzito ndio unaochangia, na tiba inaweza kuwa kuupunguza, au mashine inayosukuma hewa kwa barakoa usiku. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 15, anasinzia darasani na kuamka na kichwa kinamgonga. Nyumbani walimwita mvivu. Jumapili nililala kwao, nikamrekodi saa kumi usiku, na asubuhi nikamkalisha kaka yangu akaitazama video yote. Wiki ijayo wanaenda kliniki.