Kwa aliyekabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu wiki hii

Binti mmoja niliyemfundisha Darasa la Nne ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Alinipigia usiku. "Shikamoo Mwalimu. Nimekabidhiwa muhuri, kabati mbili za mafaili na deni la duka la vifaa. Nianzie wapi?" Nilimwambia alale kwanza, nitamwandikia. Naandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mwanangu, mimi nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na minne, shule mbili za serikali, zote vijijini. Mwaka wa kwanza wote niliumaliza kwenye karatasi. Takwimu za madawati, matundu ya vyoo, orodha ya yatima, taarifa ya ruzuku, vikao vya kata. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu kuuliza kama watoto wa Darasa la Pili wanajua kusoma. Walipiga kuuliza takwimu, na walizitaka kabla ya saa sita. Ukipigiwa hivyo mwaka mzima, unaanza kuamini kwamba takwimu ndiyo kazi yenyewe.

Kilichonishtua ni matokeo ya watafiti wa Benki ya Dunia waliopita kwenye shule za Tanzania mwaka 2014. Karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani wakati walipotakiwa kuwa wanafundisha, na wengi wao walikuwa palepale shuleni. Nilisoma nikacheka peke yangu, maana nilijua wako wapi. Walikuwa chini ya mwembe wangu.

Basi Jumatano moja nikachukua ratiba na kalamu nyekundu, nikakaa nje nihesabu. Kwenye ratiba vilikuwepo vipindi 52. Vilivyofundishwa ni 29. Kabla sijaanza kuandika barua za kujieleza, nikajiuliza vile 23 vimekwenda wapi, na hapo ndipo aibu iliponishika. Saba nilivivuruga mimi mwenyewe: niliitisha kikao cha dharura baada ya chai, nikamtuma mwalimu wa hisabati benki, nikawatoa Darasa la Sita wakasombe mchanga wa choo. Vingine vilipotea kwa kengele iliyochelewa kupigwa, maana mpiga kengele naye nilikuwa nimemtuma dukani.

Anzia hapo. Siku moja tu, hesabu vipindi, na vile ulivyoviua wewe uviandike kwanza.

Sasa nikuambie jambo ambalo lilinichukua miaka sita kulielewa, na ambalo ningelijua mapema kama ningesoma zaidi. Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa tafiti 27 kuhusu wakuu wa shule na matokeo ya wanafunzi. Waliyagawa wanayofanya wakuu katika mafungu matano. Lililogusa matokeo ya watoto kwa nguvu zaidi ni la mkuu kukuza mafunzo ya walimu wake na kushiriki mwenyewe, akijifunza pamoja nao. Nguvu yake ilikuwa mara mbili ya ile ya kuweka malengo au kusimamia ufundishaji. Fungu lililokuwa na nguvu ndogo kuliko yote ni kuweka mazingira ya utaratibu na nidhamu.

Mimi nilianza na hilo la mwisho. Ungeiona shule yangu ya kwanza! Mawe yamepakwa chokaa hadi getini, paredi imenyooka kama ya askari, na Darasa la Tatu hawajui kusoma sentensi.

Nilipoamua kuingia madarasani nikafanya kosa jingine. Niliingia na daftari. Nakaa nyuma, naandika: ubao haukufutwa, andalio la somo halina tarehe, mwalimu hakutaja majina ya wanafunzi. Baada ya wiki mbili walimu wakanipa jina, Mkaguzi. Nikikaribia dirisha namsikia mwalimu akipandisha sauti, na watoto wanaanza kujibu kwa pamoja kama kwaya. Nikitoka, kwaya inazimika.

Kilichobadilisha mambo ni fedheha. Niliwaambia walimu wote waje Darasa la Tano wanitazame mimi nikifundisha kujumlisha sehemu. Nilijiamini, hisabati ndiyo somo langu. Nikaandika nusu kujumlisha theluthi, nikaeleza vizuri, nikauliza, "Mmeelewa?" "Ndiyooo, Mwalimu!" Nikatoa zoezi. Watoto 71, na zaidi ya nusu yao waliandika mbili kwa tano. Walijumlisha juu kwa juu, chini kwa chini.

Ofisini kukawa kimya. Kisha mwalimu wa Darasa la Kwanza, mdogo kuliko wote, akasema, "Mkuu, samahani. Umeuliza 'mmeelewa' mara kumi na moja. Nimehesabu."

Tulicheka mpaka mpishi wa uji akaja kuchungulia. Halafu tukafanya kazi. Yeye ndiye aliyeleta wazo la kukata kalenda za zamani vipande vilivyo sawa: huyu ana nusu, huyu ana theluthi, wote wawili wakunje tena mpaka vipande vyao vilingane. Wiki iliyofuata alilifundisha yeye somo lile, mimi nikakaa nyuma bila daftari. Mtoto mmoja alikunja karatasi yake, akaihesabu kimoyomoyo, akaropoka, "Kumbe ni sita!" Sijawahi kusikia sentensi tamu kuliko hiyo darasani.

Toka siku hiyo tukawa na Alhamisi. Dakika arobaini na tano baada ya vipindi, somo moja, jambo moja la kurekebisha, na mwalimu mkuu naye anapangiwa zamu ya kutazamwa. Leo serikali ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na ni mpango mzuri. Angalia tu isiwe karatasi nyingine. Muhtasari wa kikao unaweza kuandikwa vizuri sana bila kikao kukaa.

Utasikia pia kwamba tatizo ni pesa. Ni kweli, ila si yote. Mwaka 2013 na 2014 watafiti walifanya jaribio kwenye shule za msingi 350 hapa Tanzania. Shule zilizoongezewa ruzuku pekee, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, hazikuonyesha kupanda kwa alama za watoto. Zilizopewa ruzuku hiyo pamoja na bonasi kwa walimu kulingana na watoto waliofaulu ndizo zilizopanda wazi. Vitabu bila mwalimu mwenye ari vinakaa kabatini, mwanangu, na wewe hutapewa bonasi ya kugawa. Ulichonacho ni muda wa walimu wako na namna unavyowaheshimu.

Na kuna mtego. Wakati wa Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa serikali wa kusukuma matokeo, shule zilianza kupangwa wilaya kwa wilaya kwa matokeo ya Darasa la Saba. Watafiti waliofuatilia walikuta shule za mkiani zilipandisha ufaulu, lakini pia zilipunguza watoto waliofika kwenye mtihani. Nayaelewa hayo kwa sababu nilikuwa mkiani, na nilishawishika. Nilimwita mama wa kijana mmoja mzito wa kusoma, nikamdokeza kwamba labda kijana apumzike mwaka huu. Mama alinitazama akasema, "Mwalimu, kama hajui kusoma baada ya miaka saba na nyinyi, mimi nimpeleke wapi?" Sikuwa na jibu. Kijana alifanya mtihani wake, akafeli, na ufaulu wetu ukashuka kwa mtoto mmoja. Kila asubuhi mpaka mtihani alikuwa akikaa nusu saa na mwalimu yule wa Darasa la Kwanza. Aliondoka shuleni anasoma barua.

Wapo watakaokuletea tafiti za Marekani. Ipo ya mwaka 2021 inayoonyesha kwamba kumbadilisha mkuu wa kiwango cha chini kwa wa kiwango cha juu ni sawa na kuwaongezea watoto karibu miezi mitatu ya masomo kwa mwaka. Isome ikutie moyo. Kumbuka tu kwamba mkuu wa kule ana katibu wa kumpokelea simu.

Kuhusu deni la duka. Liingize kwenye hati ya makabidhiano kabla hujasaini ukurasa wa mwisho, kisha lipeleke kamati ya shule kikao cha kwanza kabisa, mwenyekiti alione na wakubaliane awamu za kulipa. Mimi la kwangu nililificha miezi mitano nikidhani nitalimaliza kimyakimya. Mwenye duka alikuja siku ya kikao cha wazazi, akakaa mstari wa mbele, na kwenye mengineyo akanyoosha mkono.