Jibu: Modeli ya silikoni inapatia kwenye majaribio, inapotea kazini

Habari ndugu. Nilivyokuelewa, modeli yako ya kompyuta ya kukadiria kiasi cha silikoni kwenye chuma kinachotoka kwenye tanuru la kuyeyushia inapatia vizuri kwenye data ya majaribio, ila ukiiweka kazini inakosea sana.

Usibadili algorithimu (njia ya ukokotoaji ya modeli) kwanza. Angalia ulivyogawa data. Kama ulichanganya mistari ya data bila mpangilio, vipimo vilivyopishana dakika chache vimeangukia pande zote mbili, wa kufundishia na wa kupimia, yaani modeli imeshaonyeshwa majibu. Gawa kwa tarehe: fundisha kwa miezi ya mwanzo, pima kwa ya mwisho. Alama zitashuka, lakini hizo ndizo za kweli.

Halafu muda, na hapa ndipo nimeona kazi nyingi zikifia. Mawe ya chuma na koki (makaa ya mawe yaliyookwa) vinavyoingizwa juu huchukua saa kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8, kufika chini. Joto la hewa inayopulizwa huonyesha athari mapema zaidi. Kwa hiyo kila kipimo kirudishe nyuma kwa muda wake, yaani silikoni ya sasa ioanishe na kipimo cha wakati athari yake ilipoanza. Saa iliyoandikwa na maabara nayo ikague: ni ya kuchukua sampuli au ya kutoa jibu? Mimi huanza kwa kuwauliza watu wa zamu, maana faili haisemi.

Kisha jilinganishe na ubashiri rahisi kabisa: silikoni itabaki kama ya mmimino uliopita (chuma kilichotolewa tanuruni mara ya mwisho). Modeli isipoushinda huo, bado haijajifunza kitu.

Hujataja una vipimo gani vya gesi ya juu ya tanuru. Viandike hapa tuviangalie.