Bibi Shamba anajibu: nyanya za kwenye TV na nyanya za Tabata

Barua za wiki hii karibu zote zimeanza kwa maneno yaleyale: "Bibi Shamba, nimeona kwenye TV..." Haya, nimewasikia.

Shikamoo Bibi Shamba. Kuna kipindi cha bustani cha Waingereza nakifuatilia kwenye king'amuzi. Mtangazaji alisema nyanya zipandwe kwenye ukuta unaotazama kusini ili zipate jua. Nikafanya hivyo Januari, miche yote imeungua. (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Umekosea nchi. Kule kwao jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, tena ni jua la kubembeleza, ndiyo maana wanautafuta ukuta huo kama paka anavyotafuta jiko. Kwetu Dar es Salaam jua la Januari liko karibu na utosi, limeegea kusini kidogo tu, na ukuta ukishika moto asubuhi unatoa joto hadi usiku. Ikifika Juni jua limehamia kaskazini, na ukuta wako huo uko kivulini. Kwa hiyo umeiga jambo ambalo kwako ni baya miezi yote.

Miche ya kitaluni inataka kivuli chepesi cha makuti au neti. Ukikaribia kuipandikiza, punguza kivuli kidogo kidogo, kisha pandikiza jioni. Na Januari siyo mwezi wa mtu anayejifunza. Usiku ukiwa na joto kali nyanya hudondosha maua, utalaumu mbegu bure. Sia mbegu Mei, masika yakielekea ukingoni, uhamishe miche baada ya wiki nne hivi, ikulie kwenye kipupwe.

Nimeshasema hapa na nitasema tena: kabla hujaiga, uliza kipindi kimepigwa wapi, mwezi gani, na nani anamwagilia kamera ikizimwa.

Mimi niko Leicester, nimepata kipande cha bustani. Nifuate Gardeners' World?

Wewe fuata. BBC wanakirusha tangu 1968 na kimetengenezwa kwa udongo na baridi ya huko huko uliko. Ila usitoe miche ya nyanya nje mapema, baridi ya usiku inaweza kuiua hata katikati ya Mei. Na zile mbegu za mchicha unazotaka shangazi akuletee ndani ya begi, mwambie aziache. Mbegu za kupanda zina taratibu zake za afya ya mimea mpakani.

Mchicha unachukua siku ngapi? (Kimara)

Wiki tatu hadi nne. Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko nilivyokula mchicha wenyewe.

Naomba ratiba ya kupiga dawa nyanya kuanzia kitaluni mpaka kuvuna. (Wasomaji sita, maneno yaleyale)

Sitoi. Mnaniomba dawa na hakuna hata mmoja aliyeniambia anaumwa nini! Kwenye TV mnamwona mtu amebeba bomba mgongoni, mnadhani kilimo ni kupuliza. Yale mabaka meupe ndani ya jani, ukiyapasua unakuta kiwavi, huyo ni kantangaze. Majani ya chini yenye madoa ya kahawia yenye miduara ni ukungu. Mche ulionyauka ghafla ungali wa kijani ni habari nyingine kabisa: kata shina karibu na ardhi, lishikilie ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona ute mweupe unashuka kama uzi, ni mnyauko wa bakteria. Huo hauna dawa ya kupuliza. Ng'oa, choma, na usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo mahali hapo kwa misimu kadhaa.

Ukishajua adui, ndipo uende dukani. Nunua chupa yenye lakiri na lebo. Ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda iache hapohapo, siku moja mtoto ataidhania soda kweli. Soma lebo inasema usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Kuna watu wanapuliza Ijumaa na kuuza Jumamosi, na wanaokula ni sisi.

Mjomba anasema Shamba Shape Up ni maigizo. Ni kweli? (Morogoro)

Mpe mjomba salamu zangu, kisha mwambie si kweli. Kipindi hicho kilianza Kenya mwaka 2012 na kinakwenda kwa mkulima wa kweli, kwenye banda lake bovu na mahindi yake ya manjano. Nakipenda kwa sababu wanaanza na tatizo la mwenye nyumba. Lakini kumbuka anajiwa na timu nzima ya watu na wataalamu, wewe una Jumamosi na jembe moja. Vipindi vya namna hii pia huwa na wadhamini, kwa hiyo jina la mbegu au mbolea likitajwa mara tatu, usikimbilie duka. Muulize kwanza jirani anayevuna.

Angalia ukiwa na daftari. Andika jambo moja tu, kalijaribu kwenye tuta la mita moja kwa tatu kabla ya kipindi kijacho. Nina mdogo wangu ameangalia vipindi miaka mitatu, anajua mboji inavyopangwa tabaka kwa tabaka, na uani kwake kuna sementi.

Nianze na vifaa gani?

Jembe, keni, samadi iliyooza. Glavu za maua mwachie mtangazaji.

Nyanya zangu zinaoza kitako. TV imesema nichimbie maganda ya mayai.

Maganda huoza polepole mno, msimu huu hayatakusaidia. Kinachokusumbua mara nyingi ni maji: leo umefurika, siku nne umesahau, na mmea unashindwa kupeleka kalsiamu kwenye tunda. Mwagilia kwa kipimo kilekile, tandaza nyasi kavu kuzunguka shina, matunda yaliyooza yatoe. Yanayofuata yatatoka mazima.