Swali la lugha: Kihatarishi, kiashiria na "maelezo ya jeni"

SWALI: Mwalimu, nimekuta sentensi hii kwenye makala ya afya: "Maelezo ya jeni katika damu ni kihatarishi kipya cha ugonjwa wa moyo." Nina presha, na marehemu baba alipatwa na kiharusi, kwa hiyo nilishtuka. Je, kihatarishi na kiashiria ni kitu kimoja? Na jeni hujieleza vipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole kwa mshtuko, ndugu yangu. Kosa liko kwenye sentensi, si kwenye damu yako.

Kihatarishi kimetokana na kitenzi hatarisha, na ile irabu "i" ya mwisho humtaja mtenda: mpishi hupika, mwandishi huandika, kihatarishi huhatarisha. Presha, kisukari, sigara na lehemu nyingi ni vihatarishi kwa sababu vyenyewe huumiza moyo na mishipa. Utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, ulioanza mwaka 1948, ndio ulioieneza sana dhana hii.

Kiashiria huonyesha tu. Mshale wa mafuta ukishuka, gari linakaribia kuzima, lakini si mshale uliokunywa petroli. Usikichanganye na dalili, ambayo mgonjwa huihisi au huonekana mwilini mwake; kiashiria cha kwenye damu hukijui mpaka upime. (Methali yetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Nzuri, ila mawingu ndiyo hayo hayo yanayoleta mvua, kwa hiyo hapa haitusaidii!)

Sasa "maelezo ya jeni", tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "gene expression". Maelezo huandikishwa polisi. Chembe za mwili wako karibu zote zina jeni zilezile, yaani maagizo ya urithi yanayoongoza kazi za mwili; tofauti ni zipi zinafanya kazi na kwa kiasi gani. Maabara hupima kiasi hicho kwa kuangalia RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa zinapofanya kazi. Katika damu, chembe nyeupe hutoa nakala hizo, lakini chembe nyekundu zilizokomaa hazina kiini, mahali jeni zinapokaa. Wengine huandika "usemi wa jeni", nami silipendi: usemi tumeshaupa kazi kwenye sarufi, usemi halisi na usemi wa taarifa. Mimi huandika "utendaji wa jeni", na msomaji huelewa bila kuuliza. Vinasaba (DNA) navyo tuviache palepale vilipozoeleka Tanzania, kwenye kipimo cha kumtambua mtu au kuthibitisha uzazi.

Wenye presha wanaweza kuonekana na jeni fulani zinazofanya kazi zaidi au kidogo kuliko za wengine. Kipimo hicho peke yake hakisemi kama jeni ndizo zilizoleta presha au presha ndiyo iliyozibadili. Ndiyo maana neno "kihatarishi" limepotoka pale. Ningeandika hivi: "Utendaji wa jeni fulani katika damu unaweza kuwa kiashiria cha ugonjwa wa moyo."

Na ukikuta "kiashirio" badala ya "kiashiria", usimsahihishe mtu. Yote mawili yanatumika.