Usipime joto la chuma kwa jicho saa sita mchana

Vijana wanaoleta tindo zao karakana kwetu Pasua, hapa Moshi, wengi wana malalamiko mawili tu: ncha imepinda, au imemeguka. Lawama wanaitupia chuma. Lakini springi ya gari wanayofulia tindo hizo ni chuma kizuri, kina kaboni ya kutosha kukomaa. Kasoro ni kwamba kimechovywa kwenye mafuta kabla hakijaiva, au kimeshaungua.

Rangi ya moto inadanganya. Chuma kinachowaka chekundu gizani, juani utadhani kimepoa. Weka jiko kivulini na uwe na sumaku iliyofungwa kwenye waya. Kikikaribia nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Usichovye bado. Kipandishe hadi 830 au 850, ncha yote iive sawasawa, ndipo ukitie kwenye mafuta. Ukipitiliza, chembe za ndani hukua. Vunja kipande cha majaribio utazame: kilichoungua kina punje kubwa zinazometa kama sukari, kilichoiva ni cha kijivu na punje zake ni laini.

Mwenye uwezo anunue themokapo, yaani kipimajoto cha nyaya kinachostahimili moto mkali, na kabla ya kuitumia kwa kazi aitumie kujifunza. Toboa tundu kwenye kipande cha springi, ingiza ncha ya themokapo, pasha polepole huku ukiandika nyuzi. Namba zitapanda vizuri, kisha zikipita 727 kidogo zitaanza kusuasua, na mkaa unawaka vilevile. Joto linaloingia hapo linatumika kuupanga upya mwili wa chuma. Mfaransa Floris Osmond aliufuatilia mwendo huo miaka ya 1880 kwa kifaa cha namna hiyohiyo. Kikipoa mambo yanageuka, joto lile linarudishwa: zima taa utaona chuma kilichokuwa kinafifia kinang'aa tena kidogo. Mimi sichoki kulitazama hilo.

Tindo iliyotoka kwenye mafuta ni ngumu lakini inavunjika upesi, usiigonge. Ing'arishe kwa msasa, ipashe taratibu kutokea nyuma ya ncha, uangalie rangi zikitembea: manjano kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia, zambarau, hadi buluu karibu na 300. Tindo isimamishe zambarau ikielekea buluu. Patasi ya mbao isivuke manjano iliyokolea. Na kichwa cha tindo, pale nyundo inapotua, usikichovye kamwe. Kikiwa kigumu, vipande vyake huruka machoni.